Mikeka Kutoka Minago

Nilimtambua kwa miguu. Uso ulikuwa umeshachukuliwa na miaka, nywele zimekuwa nyeupe pe, na kijana mwembamba niliyemjua alikuwa ameota kitambi cha mtu aliyetunzwa vizuri. Lakini alisimama mlangoni mwa hema la harusi mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma umegeuka nje kidogo, kama mtu anayengoja saki, lile gunia la kupigia ngumi, imrudie. Hakuna anayesimama hivyo akingoja sahani ya pilau. Nilikuwa nimekuja Rumonge, mji nilikokulia kando ya ziwa, kwa harusi ya mjukuu wa jirani yetu wa zamani, nimekaa na wanawake wenzangu upande wa nyuma, nikidhani najua nani nitamwona na nani sitamwona, maana wengi wa rika langu wameshatangulia. Elia sikumtarajia. Niliwahi kuambiwa kwamba alivuka ziwa akaenda mji wa Baraka, kisha vita vya kule vikamsukuma mbali zaidi, nami nikamweka kwenye fungu la watu ambao mtu huwakumbuka bila kuuliza habari zao. Nikakishika kikombe changu cha chai kwa mikono miwili kama mwari, mimi bibi wa watu.

Habari za ukoo wetu na nani alimzaa nani zina wasimulizi wake, na wanazipenda kuliko mimi. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, msichana pekee wa mtaa wetu wa Waswahili aliyejifunza karate. Watu wakisikia hivyo leo wanadhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa mtundu, na mama alikuwa amechoka kunikataza. Tulifundishwa katika bohari moja karibu na bandari na mwalimu aliyetoka Bukavu, mpaka mwenye bohari alipolijaza mapipa ya mawese na mwalimu akakunja kimono chake akarudi kwao. Wanafunzi wakatawanyika. Tukabaki wawili tusiotaka kuacha: mimi na Elia, kijana wa Kibembe kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, ambaye kazi yake ilikuwa kushona nyavu za wavuvi pale ufukweni. Alilala chumba kimoja na wavuvi, chumba ambacho ukinyoosha mkono unagusa bati. Kwa hiyo mazoezi, kama yangeendelea, yangeendelea kwetu.

Alikuja kuomba ruhusa mwenyewe. Alichutama karibu na mlango wa jiko, kofia mkononi, naye mama akamsikiliza huku akichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, bila kuinua macho. Alipomaliza, mama akautikisa ungo wake kwanza.

"Mazoezi iko sawa," akasema. "Mutafanyia hapa mu lupango, mimi nikiwapo. Lakini sitaki kuona mutu anashika mutu."

Lupango ni ua wa nyumba, na wetu ulikuwa mdogo, umezungushiwa matete, wenye baraza fupi na boriti moja ya kutegemewa. Hapo ndipo nilipojua thamani ya saki. Wapiganaji wengi huiona kama adui. Kwetu sisi ilikuwa ruhusa. Ikining'inia katikati, mimi upande huu nikipiga, yeye upande ule akiizuia kwa mikono na bega, hakuna aliyemshika mtu, na mama angeweza kuendelea na ndagala zake kwa moyo mweupe.

Basi tukaitengeneza kwa makini kama watu wanaojenga nyumba. Elia alipata kipande cha turubai la lori, akakishona kwa sindano yake ya nyavu, fundo baada ya fundo, mshono ambao sijauona tena kwenye saki yoyote ya dukani. Shida ilikuwa cha kutia ndani. Tulianza na mchanga wa ziwani, ukashuka wote chini ukawa mgumu kama sakafu, vidole vyangu vikavimba hata kumenya muhogo nikashindwa. Kosa lililofuata ni la watu wa Rumonge. Mtu wa Gitega, kule milimani kusikokuwa na michikichi, asingelifanya. Makapi ya chikichi, yale yanayobaki mawese yakishakamuliwa, yako kila kona kwetu, ni laini, tumezoea tangu utoto kuwashia moto. Elia akaleta magunia yake kutoka kwenye mashine ya mawese ya Kizuka, tukaijaza saki, na siku za mwanzo ilikuwa tamu kabisa: ngumi inaingia, inapokelewa, inarudishwa kwa adabu. Kisha jua la kiangazi likaipata pale barazani. Mafuta yaliyokuwa yamejificha kwenye nyuzi yakalainika, yakaanza kutoka kwenye mishono, na kila nilipopiga saki ilinitemea. Kimono changu, nilichoshonewa kwa kitambaa cha marekani, kikawa na madoa ya rangi ya machungwa kifua kizima. Elia, kwa kuwa ndiye aliyeikumbatia, akatokea nyuma yake shavu moja linang'aa kama andazi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mumetengeneza saki," akauliza alipopata pumzi, "ao mumetengeneza mboga?"

Mwishowe tulitia vitambaa, mabaki ya mafundi cherehani wa sokoni, tukivishindilia kwa mchi tabaka kwa tabaka, na katikati tukaweka nyavu kuukuu ili ipate uzito. Nyavu tulizifua kwa sabuni na majivu, lakini paka wa mtaa hawakudanganyika. Walikaa chini ya saki wakiitazama juu kwa imani, na ilibidi mtu awafukuze kabla ya kuanza.

Mwaka jana binti yangu Rehema alitaka kutengeneza chumba cha mazoezi nyumbani kwake Bujumbura, akanichukua dukani nimsindikize, si kwa sababu ya ujuzi bali kwa sababu mimi ndiye najua kubishana bei. Muuzaji akatuonyesha saki nyekundu inayong'aa. Nikaibonyeza chini kwa ngumi, nikaibonyeza juu, nikamwambia Rehema hii imeshaanza kushuka tumbo, baada ya miezi michache juu itakuwa mfuko mtupu na chini jiwe. Nikamwambia achague nzito kuliko anavyodhani, maana nyepesi inakimbia ngumi na haimfundishi mtu kitu. Tulipofika kwenye mikeka, vile vipande vya mpira vinavyoshikana kwa meno, nikavua kiatu nikakanyaga kwa kisigino. Kinachozama sana kinavunja kifundo cha mguu. Kisichozama kabisa kinavunja kiuno. Rehema akaniangalia kama ameletewa mama mwingine. "Kwani ulijulia wapi, mama?" akauliza. Nikamwambia nilijulia nyumbani. Hakuendelea kuuliza, nami sikuendelea kusema, ingawa njiani nilitamani aulize tena.

Ninachokumbuka zaidi kuhusu alasiri zile ni kwamba sikumwona uso. Niliona vidole vyake vimeshika turubai, na chini niliiona miguu yake, wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Alihesabu kwa Kijapani alichotuachia mwalimu, kwa lafudhi ya Kibembe, na alijua hali ya moyo wangu kwa namna ngumi ilivyofika. "Mwajuma, leo uko na hasira ya nani?" angeuliza kutoka nyuma ya saki. Ningemtaja mtu, muuza sabuni au mama mdogo, naye angesema, "Basi umupige huyo, mie uniache." Baada ya mazoezi alinawa, akakaa na sisi kwenye mkeka wa baraza, tukala bugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, au ndagala za mawese. Mwanzoni mama alimpakulia kama mgeni. Baadaye alimpakulia kama mwana. Ilipofika siku ya kula samaki sangala, na kile kipande cha tumbo chenye mafuta, ambacho mama hakuwahi kumpa mtu, kikawa sahanini mwa Elia, mama mdogo Zuhura alinitazama, akakohoa kidogo kwa makusudi, akasema kama anayeongea na bakuli, "Mapenzi ni kikohozi." Nilimpenda. Nimeishi miaka yote hii na sijawahi kuliandika neno hilo, na sasa nimeliandika, naona halina makali niliyodhani lingekuwa nayo.

Siku moja nilikuwa natwanga sombe nje ya jiko, mama na mama mdogo wako ndani. Mama mdogo ndiye aliyeanza. Akasema watu wanaongea, na kijana mwenyewe si wa dini yetu, na wa ng'ambo. Mchi wangu ukasimama hewani. Kisha nikakumbuka kwamba wakikosa kuusikia watajua nasikiliza, nikaendelea kutwanga polepole, majani yamekwisha kulainika zamani.

"Dini iko na mulango yake," nikamsikia mama. "Akitaka kuingia, shehe iko pale. Mie huyu kijana ninamupenda. Akisema, sitamukatalia."

"Basi umuulize."

"Siwezi kumuulizia mwanaume maneno yake. Aseme mwenyewe."

"Na asiposema? Mficha uchi hazai, dada."

"Asiposema, basi hakuwa nayo," mama akasema, na nikasikia kifuniko cha sufuria kikirudishwa.

Tangu siku hiyo niliishi kwa neno moja ambalo halijasemwa. Nilijua mlango uko wazi. Yeye hakujua, na haikuwa kazi yangu kumwambia. Msichana wa kwetu wakati ule angeweza kumpiga mwanaume ngumi mbele ya mama yake, lakini hakuweza kumwambia njoo uniombe. Nilifua, nilipika, nilipiga saki, nikingoja.

Mwalimu wetu alikuwa ametuachia somo moja lililoishia nusu, somo la kuangushana na kuanguka. Elia akamwomba mama tuliendeleze. Nilidhani mama atatukumbusha sharti lake. Badala yake alitazama ardhi ya lupango, akasema, "Mutaangukia wapi? Huku iko mawe tupu." Mimi, niliyesikia maneno ya jikoni, nilielewa kwamba sharti limelegezwa. Elia alisikia swali la fundi tu, akaanza kulitafutia jibu. Tulijaribu godoro kuukuu la sponji, mguu ukazama, nikateguka. Tukajaribu maboksi yaliyokunjuliwa, yakateleza. Akauliza huku na huku, akaambiwa kwamba Minago kuna wanawake wanaosuka mikeka minene ya mafunjo, na ukiipanga mmoja juu ya mwingine inapokea mwili bila kuumeza. Akaazima baiskeli ya mzee wa kanisa, akaenda siku ya soko.

Sasa msomaji aelewe jambo moja. Mtaani kwetu mkeka mpya ulikuwa na milango miwili tu ya kuingilia nyumba ya watu: msiba au harusi. Kwetu hakuna aliyekufa. Na Elia alirudi siku ya Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, barabara imejaa, amevaa shati lake jeupe la kwaya, nyuma ya baiskeli mikeka mipya imeviringwa na kufungwa kamba vizuri. Hakuipanda baiskeli, aliikokota kwa heshima, akiwasalimu wazee. Mwanamke wa kwanza kumwona akapiga kigelegele. Wa pili akauliza anakwenda wapi, na alipoona amekata kona ya kwetu, naye akapiga. Alipofika kwenye mlango wa lupango, nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa nyuma yake.

Mama mdogo alinisukuma chumbani na kufunga mlango, maana mwenye kuombwa hakai mbele ya anayemwomba. Kigelegele cha kwanza tu kilikuwa kimemtosha: kuku alikuwa ameshashikwa, jirani ameshaitwa amchinje, na maji ya wali yako motoni. Nikasimama nyuma ya pazia la dirisha. Mama alitoka akiwa amejitanda kanga nyingine juu ya ile ya jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akauweka mkono mmoja juu ya mwingine. Sijawahi kumwona amekaa vile tena.

"Karibu, mwanangu. Amahoro?"

"Amahoro, mama."

"Umetuletea mikeka."

"Ndiyo, mama."

"Mizuri." Mama akangoja. Nikasikia paka akijikuna chini ya saki. "Sasa utuambie. Hii mikeka iko ya nini?"

Elia akafungua mdomo. Nasema aliufungua, nilimwona. Akawatazama wanawake waliojaa mlangoni, akamtazama mama, kisha akaitazama mikeka kama mtu aliyeikuta pale. Shati jeupe lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho la njia.

"Iko ya kuangukia, mama," akasema. "Ya mazoezi."

Walicheka, si kwa ubaya, ila walicheka sana, na waliposhindwa kujizuia wakaondoka mmoja mmoja wakishikana mabega. Mama hakucheka. "Murakoze," alimshukuru. "Uiweke pale pa kivuli, jua isiiharibu." Akaingia ndani, akaitundika ile kanga ya pili mahali pake.

Lakini kuku akishachinjwa hakuna wa kumrudishia roho. Wali ukaiva, ukapakuliwa, tukaula sote wanne kwenye mkeka wa zamani, chakula cha posa bila posa. Elia, ambaye hakuwahi kubakiza hata mwiba, aliacha paja zima la kuku sahanini, akasema ameshiba. Mama mdogo alitaka kusema kitu, mama akampa chumvi ambayo hakuiomba.

Tulifanya mazoezi juu ya mikeka ile kwa msimu uliobaki. Mama sasa alikuwa na safari nyingi za sokoni, na lile sharti lake hakulitaja tena. Elia alinishika mkono wa kimono, kitambaa tu, kamwe si kiwiko, akageuza kiuno, nami nikaanguka chali. Mafunjo yalinukia kama mto baada ya mvua. Nililala pale nikitazama mbingu, yeye amesimama juu yangu akihema, na kila mara nilifikiri, sasa. Akasema, "Tena." Nikainuka. Nilijifunza kuanguka vizuri mwaka ule. Mpaka leo nikiteleza bafuni siumii. Wajukuu wanasema bibi ana mifupa ya paka.

Kisha mjomba wake akamwita aende Baraka, kuna chombo kipya, anahitaji mtu wa nyavu. Alikuja kumuaga mama asubuhi, akachutama pale pale karibu na jiko. Kwangu alisema, "Mwajuma, usisahau muguu ya nyuma." Nikamwambia sitausahau. Sikwenda ufukweni kumsindikiza. Nilipiga saki bila mtu wa kuishikilia, ikawa inaniyumbia ovyo, inagonga nguzo. Alipofariki jirani yetu mmoja, mama alitoa ile mikeka ikaenda msibani, haikurudi. Mimi niliolewa Buyenzi na mfanyabiashara mwema, Mungu amrehemu, na sina la kumlalamikia. Kumtamani mtu si kumlalamikia mwingine. Ila kwa miaka yote hiyo niliamini maneno ya mama: asiposema, basi hakuwa nayo. Niliyaamini kwa sababu yalikuwa na mwisho, na mtu anahitaji mwisho ili aendelee kupika.

Pale harusini hakunijia Elia mwenyewe kwanza. Alipomaliza kuniangalia kutoka mlangoni, aliinama akamnong'oneza mwanamke aliyekuwa pembeni yake, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, uso mpole. Akaja huyo mwanamke. Yeye akabaki palepale na sahani yake.

"Mie niko bibi yake Elia," akasema, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akauchukua mkono wangu. "Na weye ni ule wa mikeka."

Nilisema ndiyo. Sikuwa na jina jingine la kumpa.

"Alinieleza yote mbele ya kunioa," akasema. "Alipokuja kwetu, alikuja mikono mitupu. Baba akamuuliza, vitu viko wapi? Akajibu, Mzee, siku moja nilipeleka vitu, maneno ikabakia mu koo. Leo nimeleta maneno kwanza." Akacheka kidogo kwa kumkumbuka baba yake. "Mzee akampa kiti."

Ngoma zilikuwa zimeanza upande wa wanaume na bibi harusi alikuwa analetwa. Wanawake wote wakasimama kutazama. Sisi wawili tukabaki tumekaa. Nilijua kwamba nikimtazama Elia nitalia, kwa hiyo nilimtazama mkewe.

"Alisema maneno gani?" nikauliza.

Hakushangaa. Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kuyapanga yalivyokuwa. "Alisema, Nimekuja kuwaomba mutoto wenu. Nguvu niko nayo, mali bado. Mukinipa, nitamutunza mpaka tuzeeke."

Nikamwomba ayarudie. Akayarudia, polepole, ameushika mkono wangu.